Nani alikubali? Maneno juu ya maonyesho ya mwili wa mutu

Maneno haya yalisemwa mbele ya mukutano wa wanamemba hapa Kapalata. Komite iliomba yaandikwe katika jarida kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa marafiki wanaotusaidia kutoka mbali. Tumeyaacha karibu sawa vile yalivyosemwa.



Komite ilituomba sisi watatu tuliorudi kutoka Ubelgiji tuseme kitu juu ya afya, kwa sababu mwaka huu kisanduku cha matanga kimefunguliwa mara nyingi kupita kisanduku cha biashara. Tulijiuliza: tuseme nini? Sisi si ba munganga. Mmoja wetu anashona nguo, mmoja anauza samaki wa kukausha, mmoja anatengeneza kinga za toleka. Lakini kuna kitu kimoja tulikiona kule ambacho hatujakisema hapa hata siku moja, na miaka imepita 20 na zaidi. Tulikuwa tunaona haya. Tuliogopa mtasema: hawa walikwenda Ulaya kuangalia maiti. Leo tunasema.

Ilikuwa mwisho wa mwaka 2001, huko Brussels. Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita tangu tutoke Kisangani, na mnajua ni nini ilitutoa. Toka tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati ya muji wetu, mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu ambao hawakuwa na ugomvi na mutu yeyote. Njia ya makaburi ilikuwa ya hatari, watu wakazika ndani ya parsele zao. Sisi pia tulizika vile. Hatutarudia mengi, kila mutu hapa ana yake.

Basi kule Brussels kulikuwa na mama mmoja Mbelgiji, mwalimu, aliyekuwa anatufundisha Kiflama. Siku moja akasema: Posho ijayo nitawapeleka kuona maonyesho juu ya mwili wa mutu, tikiti nitalipa mimi. Tukafikiri ni picha. Akatupeleka Anderlecht, kwenye machinjio makubwa, fasi ambayo Waafrika wengi wanakwenda mwisho wa juma kununua nyama na mihogo. Chini ya machinjio kuna mapango yaliyojengwa kwa matofali, marefu, na njo ndani ya mapango yale maonyesho yaliwekwa. Juu wanauza ng'ombe, chini wanaonyesha watu. Sisi hatukuchagua fasi ile, tunawaambia tu vile ilikuwa.

Kwenye mulango mwalimu akatueleza vizuri. Haikuwa picha. Ilikuwa watu wenyewe, waliokufa, ngozi imetolewa. Yule anayeuza samaki akasimama palepale. Akasema kwa Kiswahili, mwalimu asisikie: «Mimi maiti nilionaka bule ku Kisangani. Siwezi lipa makuta juu ya kuona ingine.» Tulimwambia tikiti imekwisha kulipwa. Akajibu: «Basi mubaya zaidi.» Akabaki nje na mafungu yake ya mihogo. Sisi wawili tukaingia.

Sasa tuwaambie ni nini tuliona, kwa sababu iko na faida.

Mwenye kuanzisha kazi ile ni Mjerumani mmoja, Gunther von Hagens, mwalimu wa anatomia. Mwaka 1977, katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, alivumbua ufundi unaoitwa plastinasio. Mwili wa mutu sehemu kubwa ni maji, na pale penye maji njo kuoza kunaanzia. Yeye anaweka kwanza dawa ya kuzuia kuoza. Kisha anauzamisha mwili katika asetoni, ambayo inatoa maji na mafuta. Kisha anauweka ndani ya plastiki ya maji, katika chombo kinachonyonya hewa. Asetoni inatoka kama povu, na plastiki inaingia fasi yake mpaka ndani kabisa. Mwisho anaupanga mwili vile anavyotaka, mukono huku, muguu kule, na anaukausha. Hauna harufu. Hauozi. Maonyesho ya kwanza yalikuwa Japani mwaka 1995, kisha yakazunguka dunia.

Tuliona mutu ameketi anacheza sataranji, mgongo wazi, mishipa yote ya fahamu inaonekana kama kamba za nyavu ya Wagenia. Tuliona mutu mwingine ameshika ngozi yake mwenyewe kwenye mukono, kama mutu anayebeba koti wakati jua limewaka. Kulikuwa mifupa yote 206 imepangwa. Mukono mmoja peke yake una mifupa 27: fundi wetu wa kushona aliihesabu mara mbili.

Katika sanduku moja la kioo kulikuwa mapafu mawili kando kando. Moja la mutu ambaye hakuvuta sigara, la kijivu chepesi. Lingine la mvutaji, nyeusi kama chini ya sufuria. Wazungu waliokuwa pale walicheka kidogo, wengine wakagusa pakiti zao mufukoni. Sisi hatukufikiria sigara. Tulifikiria mama zetu. Mama ambaye hajavuta sigara hata moja lakini kila siku, tangu usichana, kichwa chake kiko ndani ya moshi wa kukausha samaki na wa kupika mukaa ndani ya jiko lisilo na dirisha. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba moshi wa ndani ya nyumba unaua watu karibu milioni 3 kila mwaka. Pafu halijui kama moshi ulitoka kwa tumbaku au kwa kuni.

Tuliona pia mishipa ya damu. Moyo unapiga karibu mara 100,000 kwa siku moja, unasukuma litre kama 5 za damu, zinazunguka na kurudi bila kupumzika. Walionyesha mushipa muzuri, laini, na mushipa mugonjwa, mugumu, tundu limebaki dogo kama la kijiti. Chini yake mushipa wa kichwa uliopasuka. Hapo njo tulielewa kitu ambacho nyumbani tunaita kulogwa. Papa alikula jioni, alilala muzima, asubuhi mdomo umepinda na upande mmoja haufanyi kazi. Watu wanatafuta nani alimtupia. Hatusemi hakuna wachawi, hilo kila mutu na imani yake. Tunasema kwamba tansio inaharibu mushipa pole pole kwa miaka, bila kuuma, na mashini ndogo ya kufunga kwenye mukono inaweza kuiona mapema. Ba infirmye wetu wanasema 14 kwa 9: ukifika pale na ukarudia kufika pale, usingoje tena.

Na mwisho tuliona mama mwenye mimba, tumbo limefunguliwa, mtoto ndani. Hapo hatukusema neno. Wazungu pia walinyamaza. Mmoja wetu alipiga ishara ya msalaba. Tukatoka.

Nje yule muuza samaki alikuwa anatungoja kwenye baridi. Hakuuliza tuliona nini. Aliuliza neno moja tu: «Nani alikubali?»

Hatukuelewa. Akarudia: «Bale batu ba ndani. Nani alikubali baonyeshwe? Benyewe? Familia? Majina yao ni nani?»

Mwalimu akatafsiriwa, akasema: imeandikwa pale ndani, wale wenye mwili mzima walitia sahihi wakiwa hai, waliutoa mwili wao kwa hiari. Majina hayaandikwi, wala ugonjwa uliowaua, kwa heshima. Ni kweli iliandikwa hivyo. Lakini tangu siku ile swali lile halikutuachia. Mwaka 2004 gazeti la Ujerumani, Der Spiegel, liliandika juu ya maiti zilizoletwa katika kiwanda chake kule China, na von Hagens mwenyewe akarudisha maiti 7 kwa sababu zilionekana kama ni za watu waliouawa kwa hukumu. Alisema hazikuonyeshwa kamwe. Tunamwachia maneno yake. Lakini mnaona: swali la muuza samaki lilikuwa swali la kweli.

Tunataka muelewe kwa nini kukubali ni kitu kikubwa kwetu, kwa hiyo tutawaambia hadithi ambayo fundi wetu wa kinga ametupa ruhusa kuisema. Baada ya maonyesho, miezi michache, aliumwa tumbo sana, akapelekwa hospitali moja kule. Usiku. Mkalimani hakuwapo. Wakampa karatasi nne, wakaonyesha kidole: hapa, hapa, hapa, hapa. Akatia sahihi. Wakampasua, akapona. Kisha akaanza kufikiri. Karatasi zile zilisema nini? Alikuwa ameona watu wa Anderlecht waliotia sahihi. Akajiambia: kumbe nami nimekwisha kuuza mwili wangu. Miezi saba alikuwa halali vizuri. Alipokutana na munganga aliogopa kuuliza, kwa sababu ukiuliza wanakumbuka. Mwisho mwalimu wetu wa Kiflama akasoma karatasi zile: moja ilikuwa ruhusa ya kupasua, ya pili dawa ya usingizi, ya tatu hesabu ya malipo, ya nne ilikuwa juu ya chakula, kama anakula nguruwe au hapana.

Mnacheka. Naye anacheka, mwangalieni. Lakini miezi saba mutu aliishi kama mwili si wake. Na karatasi za hapa kwetu je? Ni wangapi kati yetu waliotia kidole katika karatasi ya hospitali bila kusomewa?

Sasa tuingie kwa neno gumu zaidi. Katika muji uleule wa Brussels kulikuwa, na kuna mpaka leo, watu wengine wanaokaa ndani ya makabati, na hao hawakutia sahihi yoyote. Tulipokuwa kule hatukujua. Tumejifunza baadaye.

Mwezi wa 12 mwaka 1884, upande wa ziwa Tanganyika, askari waliotumwa na Mbelgiji Émile Storms walimwua chifu Lusinga, wakamkata kichwa. Storms alibeba fuvu lile mpaka Brussels. Leo liko katika Taasisi ya Sayansi ya Asili, si mbali na fasi tulikokuwa tunangojea basi. Karibu zaidi na sisi: mwaka 1952 munganga Mswisi alichukua mifupa ya Bambuti saba upande wa Wamba, ikapelekwa Chuo Kikuu cha Geneva. Wamba ni hapo tu, kuna watu katika mukutano huu ambao mama zao walizaliwa kule. Mwisho wa mwaka 2019 wataalamu Wabelgiji walianza kuhesabu mabaki ya watu yaliyo katika makumbusho na vyuo vyao. Wakakuta kwamba yale yaliyotoka Kongo, Rwanda na Burundi yanapita 500. Walishauri yarudishwe kwa wenyewe wakiyaomba. Lakini sheria ya Ubelgiji ya Julai 2022 juu ya kurudisha mali za wakati wa ukoloni inasema juu ya vitu. Mifupa ya watu haimo.

Na hata walio hai walionyeshwa. Mwaka 1897 Wakongomani 267 walipelekwa Tervuren, wakajengewa vijumba ili Wabelgiji waje kuwaangalia. Saba walikufa kule. Ila hao saba tunajua majina yao, yameandikwa kando ya kanisa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Tumeyasoma kwa sauti kwa sababu ni kitu kidogo ambacho mutu aliye hai anaweza kumfanyia aliyekufa.

Mnakumbuka mwezi wa sita mwaka 2022. Jeneza lilifika hapa Kisangani, muji huu ambao Patrice Lumumba alifanya kazi ya posta na ukamchagua mbunge. Watu walijaa njiani. Ndani ya jeneza mlikuwa jino moja. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961, mwili ukayeyushwa kwa asidi, na polisi Mbelgiji aliyefanya kazi ile akabeba meno nyumbani kwake. Jino lile lilirudishwa kwa familia tarehe 20 Juni 2022, likapita hapa, likazikwa Kinshasa tarehe 30. Siku ile mzee mmoja wa avenue yetu alisema: «Sisi pia tulirudiaka. Lakini sisi turudi bazima.» Shirika letu linaitwa la waliorudi. Hatukuwa tumefikiri kwamba Lumumba naye ni mwenzetu.

Lakini tusimalize maneno kwa kuwahukumu Wabelgiji peke yao. Tuko Kapalata. Wakubwa wa hapa wanakumbuka kambi, mwisho wa mwaka 1997 na mwanzo wa 1998, vijana Mai-Mai walioletwa kwa mafunzo, wengine wao watoto, kolera na njaa zikawakuta. Walikufa wengi. Wamelala chini ya udongo tunaoukanyaga, na hatukusoma majina yao katika kitabu chochote. Hao hawakuondolewa na Mzungu. Ni sisi tulioacha bila kuandika. Mtoto aliyetoka mbali akafa hapa, mama yake anangoja mpaka leo, na sisi tunalima mihogo.

Bandugu, hatukuja kuwahuzunisha. Tumekuja na maombi manne, komite imeyasikia, sasa ni zamu ya mukutano.

La kwanza: mashini mbili za kupima tansio. Moja ikae kwa katibu, moja izunguke kwa wagonjwa. Kila mukutano, kabla ya kufungua ajenda, kila mutu mwenye miaka 40 na zaidi apimwe, na namba iandikwe katika karatasi yake. Itachukua nusu saa. Matanga inachukua juma.

La pili: majiko ya ba mama wanaokausha samaki yapate bomba la moshi na ukuta ufunguliwe juu. Fundi tuko nao hapa, matofali yako. Tunaomba kisanduku cha biashara kiweke sehemu, na mwenye jiko aweke sehemu.

La tatu: mwanamemba asiende peke yake hospitali kutia sahihi. Shirika liweke watu watano wanaosoma Kifaransa vizuri, wawe zamu. Wasimfanyie mugonjwa uamuzi, wamsomee tu, neno kwa neno, katika lugha anayosikia. Na asiyeelewa asitie kidole.

La nne: kitabu. Kila mwanamemba aandike jina lake lote, jina la baba na la mama, kijiji, nani aitwe akifa, azikwe wapi, na kama anakubali ba munganga wafungue mwili wake ili wengine wajifunze au hapana. Tunajua neno la mwisho litaleta mabishano. Tuko na fakilte ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Kisangani, na kijana anayesoma udaktari anajifunza kwa mwili wa mutu. Munganga aliyempasua mwenzetu kule Ulaya alijifunza kwa maiti ya mutu fulani. Kusema ndiyo ni zawadi. Kusema hapana si dhambi. Ubaya ni mutu mwingine kukusemea wakati umenyamaza milele. Na kurasa za nyuma za kitabu kile ziachwe kwa ajili ya waliokufa bila kaburi linalojulikana, wa vita ya siku sita na wa kambi. Anayekumbuka hata jina moja, hata la utani, alilete.

Kwa ninyi marafiki mnaosoma jarida hili kutoka mbali: michango yenu tumeiona, ilinunua cherehani na kulipa shule, asanteni. Safari hii, pamoja na mashini mbili, tunaomba kitu kisichogharimu. Huko kwenu, waulizeni wakubwa wenu juu ya makabati. Ulizeni kwa utulivu, lakini msiache kuuliza.

Tunamaliza. Mmoja wetu hakuingia Anderlecht, na mpaka leo anasema alifanya vizuri. Sisi wawili tuliingia, na mpaka leo tunasema tulijifunza. Miaka 20 tumebishana, na hatutaamuliwa leo. Lakini juu ya kitabu tuko sauti moja. Jana jioni tulikinunua sokoni, kile cha karatasi 200, na ukurasa wa kwanza umekwisha kuandikwa. Aliyeandika ni muuza samaki. Kwenye neno la ba munganga aliandika hapana, kwa herufi kubwa, na chini akaongeza majina mawili ya watoto wake wa Juni 2000.

Kitabu kiko hapa juu ya meza. Kalamu mbili. Karibuni.